Kwa nini gari la spoti lisiloendeshwa huisha betri na kupiga king'ora usiku

WENYE magari ya spoti wana masaibu ambayo mwenye matatu hayajui. Matatu huamka alfajiri na kulala usiku wa manane, na betri yake haipati nafasi ya kusinzia. Gari la spoti, kinyume chake, hutolewa Jumapili moja kwa mwezi, likasuguliwa, likapelekwa Naivasha au Limuru na kurudishwa chini ya turubai.

Siku linapohitajika, rimoti hubonyezwa na taa zisimetemete. Ufunguo hutiwa na injini isitoe hata mguno. Au hutokea jambo baya zaidi: king'ora chake hulia saa tisa usiku, mtaa mzima ukaamka, mlinzi asijue la kufanya, naye mwenyewe yuko ughaibuni, maelfu ya kilomita kutoka lango lake.

Aghalabu mambo haya mawili huchukuliwa kuwa tofauti. Betri hupelekwa kwa muuza betri, na alamu huachiwa fundi wa umeme ambaye dawa yake ya kwanza ni mkasi. Ukweli ni kwamba mara nyingi ni ugonjwa mmoja wenye dalili mbili, na anayetibu dalili moja huwa amelipa pesa zake bure.

Ili maelezo haya yasielee hewani, tuchukue mfano wa gari moja: Porsche 911 ya kizazi kinachojulikana kwa nambari 996, kilichoanza kuuzwa 1997 na kupisha kizazi kingine kuanzia 2004, pamoja na nduguye mdogo, Boxster ya 986. Magari haya sasa yamepita umri wa miaka ishirini, bei yake si ile ya ujana wake, na wengi wanaoyamiliki huyaweka kwa mapenzi tu. Jina la 911 si geni hapa kwetu. Vic Preston Mdogo alimaliza wa pili katika Safari Rally ya 1978 akiendesha gari la jina hilo, na marehemu Björn Waldegård alitwaa ushindi wa Safari Classic mnamo 2011 ndani ya 911 kuukuu. Magari hayo ya mashindano, lakini, hayakuwa na muda wa kulala.

Yatakayoelezwa hapa yanamhusu pia mwenye Subaru, Nissan Skyline, Mazda MX-5 au gari lolote linalokaa zaidi ya linavyokwenda.

Betri ya gari ni uvumbuzi wa kale. Mfaransa Gaston Planté aliibuni mwaka wa 1859, na misingi yake haijabadilika. Ndani yake mna vyumba sita, kila kimoja kikiwa na mabamba ya risasi na ya oksidi ya risasi yaliyozamishwa katika asidi ya salfuriki. Kila chumba hutoa takriban volti 2.1, na kwa jumla betri iliyojaa na kupumzika kwa saa kadhaa husoma kama volti 12.6. Ikisoma 12.2, imebaki nusu. Ikisoma 12.0, imebaki robo hivi. Wengi huona namba 12 kwenye kipimo wakaridhika kwamba betri ya volti 12 ni nzima, kumbe wanatazama betri iliyo karibu kukata roho.

Betri inapotoa umeme, salfa iliyo katika asidi hushikamana na mabamba na kuunda salfeti ya risasi. Inapochajiwa, salfeti hiyo huyeyuka na kurejea katika asidi. Tatizo huanza betri inapoachwa bila chaji kwa majuma. Salfeti, ambayo mwanzoni ni laini, hugeuka fuwele ngumu zisizokubali tena kuyeyuka. Sehemu ya bamba iliyofunikwa na fuwele hizo huwa imekufa. Ndiyo maana betri iliyoishiwa kabisa mara tatu au nne, hata ikichajiwa kwa uangalifu, hairudi kuwa ile ya awali.

Joto huharakisha mambo. Betri hujipunguza yenyewe hata ikiwa rafuni bila kuunganishwa na kitu, na kasi hiyo hukaribia kuongezeka maradufu kwa kila nyuzi kumi za joto zinazopanda. Gari lililoegeshwa Nyali au Kilifi, basi, litaishiwa mapema kuliko pacha wake aliye Tigoni.

Ila kujipunguza huko ni jambo dogo likilinganishwa na unyonyaji. Gari la kisasa halizimiki kamwe. Ukishafunga milango na kuondoka, kipokezi cha rimoti kinaendelea kusikiliza, alamu inaendelea kulinda, saa inaendelea kuhesabu na kompyuta ya injini inaendelea kukumbuka. Vyote hivi hula mkondo mdogo ambao kwa gari zima huwa chini ya miliampia 50.

Tufanye hesabu. Chukua betri ya ampia-saa 70 na unyonyaji wa miliampia 40. Kwa siku moja gari litakuwa limekula karibu ampia-saa moja. Katika siku 35, nusu ya betri imekwisha, na hapo ni betri ikiwa mpya na imejaa pomoni. Betri ya miaka minne, ambayo uwezo wake wa kweli umeshuka pengine hadi ampia-saa 40, itafika nusu kwa siku ishirini tu. Gari halina hitilafu yoyote. Ndivyo lilivyoundwa, kwa dhana kwamba mwenyewe ataliendesha.

Sasa ongeza kifaa cha kufuatilia gari, ambacho baadhi ya kampuni za bima hukidai kabla ya kukubali kulikatia gari bima kamili. Ongeza alamu ya pili iliyofungwa na muuzaji, redio mpya yenye nyaya zilizosokotwa na kufunikwa kwa utepe mweusi, na kamera ya kioo cha mbele. Unyonyaji ukifika miliampia 200, gari linakula karibu ampia-saa tano kwa siku. Wiki mbili zinatosha kuizika betri ya ampia-saa 70.

Hapa ndipo huzuka ile desturi ya kumwachia mlinzi au kijana wa nyumbani ufunguo ili aliwashe gari "dakika tano" kila Jumapili. Desturi hii imeenea sana na, kwa maoni ya mwandishi huyu, inaua betri nyingi kuliko inavyoziokoa. Tuseme alteneta inairejeshea betri ampia 15 injini ikiwa inazunguka taratibu. Kwa dakika tano, betri itapata ampia-saa 1.25. Wiki nzima iliyotangulia gari letu la miliampia 40 lilikula ampia-saa 6.7. Na kuwasha kwenyewe kumegharimu kiasi fulani. Kila Jumapili, basi, betri inazidi kurudi nyuma, huku mwenye gari akiamini anaitunza. Isitoshe, injini haikupata joto la kutosha kuukausha unyevu uliomo katika oili na katika bomba la moshi.

Gari likiendeshwa barabarani kwa saa moja au zaidi, hapo ni habari nyingine. Lakini hata hivyo betri iliyoshuka nusu haijazwi kwa safari moja ya Thika, kwa maana robo ya mwisho ya chaji huingia polepole mno, na hakuna alteneta inayoweza kuiharakisha.

TUINGIE katika suala la king'ora.

Katika miaka ya 1990 wizi wa magari Uingereza ulikithiri kiasi kwamba kampuni za bima, kupitia kituo cha utafiti cha Thatcham, zilianza kuainisha vifaa vya ulinzi. Alamu ya daraja la kwanza ilitakiwa kuwa na king'ora chenye betri yake ndani, ili mwizi akikata nyaya za betri kubwa king'ora kiendelee kupiga kelele. Kuanzia Oktoba 1998, nayo sheria ya Ulaya ililazimu kila gari jipya kuwa na kifaa cha kuzuia injini kuwaka bila ufunguo halali. Kwa kuwa Uingereza huendesha upande wa kushoto kama sisi, magari mengi ya aina hiyo yameishia Mombasa bandarini, yakiwa na ving'ora vyake.

Wazo lilikuwa zuri. Tatizo ni kwamba king'ora cha namna hiyo hakiwezi kutofautisha mwizi anayekata waya na betri kubwa inayokufa pole pole. Chenyewe kinachokiona ni volti zinazoshuka. Kikifika kiwango fulani, huhitimisha kwamba gari limevamiwa, kikalia. Na kwa nini usiku? Kwa sababu baridi ya alfajiri hupunguza nguvu ya betri ambayo tayari ni dhaifu, na kile ambacho mchana kilikuwa juu kidogo ya mpaka, saa tisa usiku huwa chini yake.

Hilo ni kosa la kwanza. La pili ni la uzee. Betri ndogo zilizomo ndani ya king'ora, za nikeli, hazikukusudiwa kuishi miaka ishirini. Zikichakaa huvuja, na uoevu wake hula bamba la mzunguko wa umeme. King'ora kilichofika hapo hulia kikipenda na kunyamaza kikipenda, hata betri kubwa ikiwa mpya kabisa. Kuna dalili moja ya kukitambua: alamu halali ya gari hulia huku taa za kugeukia zikimetameta. Ukisikia kelele lakini taa zimetulia tuli, mshuku kwanza king'ora chenyewe. Dawa ni kukibadilisha, au kumpa fundi wa vifaa vya elektroniki akifungue na kutia betri nyingine kabla bamba halijaliwa.

Kosa la tatu ni swichi. Katika 996 na Boxster, alamu hailindi milango tu. Inalinda boneti ya mbele, kifuniko cha nyuma, redio na hata kisanduku kidogo kilicho kati ya viti. Kila kimojawapo kina swichi ndogo ya kuieleza kompyuta kama kimefungwa au kiko wazi. Mwenye gari akifunga kwa rimoti na kusikia mlio mfupi, gari linamwambia kwamba sehemu fulani haijafungwa. Wengi huupuuza mlio huo, au huudhani kuwa salamu ya kwaheri. Mara nyingi ni swichi ya kisanduku hicho, au redio mpya iliyofungwa bila kuunganishwa na waya wa alamu. Swichi za kufuli za milango nazo huchakaa, na ikichakaa moja, kompyuta hudhani mlango u wazi na huenda isilale kamwe. Hapo swichi ndogo inaua betri, na betri inayokufa inaamsha king'ora. Fundi atauza betri mpya, na baada ya mwezi mmoja watarudi pale pale.

Upo pia mkasa wa maji. Kompyuta ya alamu na kufuli katika magari haya imewekwa sakafuni, chini ya kiti cha mbele. Yale yenye paa la kukunjwa yana vitundu vya kupitishia maji ya mvua, na vitundu hivyo huziba kwa majani. Mkazi wa Nairobi anayeegesha gari la aina hiyo chini ya mjakaranda mwezi wa Oktoba, maua yakimwagika kama zulia, na asiyaondoe kabla ya mvua za vuli, atakuja kulikuta zulia la ndani limeloa na kompyuta inaogelea. Kuanzia hapo rimoti hufanya kazi siku moja na kugoma siku mbili, madirisha hushuka yenyewe, na hakuna betri itakayoliponya gari hilo.

Na ufunguo usiachwe katika swichi gari likiwa limeegeshwa, hata kama liko ndani ya ua wenye ukuta. Magari haya huuchukulia ufunguo uliomo kuwa dereva aliye karibu, na baadhi ya kompyuta zake hubaki macho.

TUSEME maji yamekwisha kumwagika: betri imekufa na gari limefungwa.

Katika Porsche betri iko mbele, chini ya boneti, na katika matoleo ya baadaye ya 996 boneti hiyo hufunguliwa kwa swichi ya umeme. Ni kama kufungia ufunguo wa ghala ndani ya ghala. Watu wamevunja boneti kwa nondo kwa kutojua kwamba waundaji walilifikiria jambo hili. Mlango wa dereva hufunguka kwa ufunguo wa kawaida. Ndani, karibu na miguu, mna kisanduku cha fyuzi chenye ncha ya chuma inayovutwa nje. Betri nyingine ya volti 12 huunganishwa hapo, waya chanya kwenye ncha hiyo na waya hasi kwenye chuma kitupu cha kufuli ya mlango, kisha swichi ya boneti ikavutwa. Iwapo alamu ilikuwa imewashwa, honi italia mara tu umeme utakapoingia. Mwonye jirani mapema. Ncha hiyo ni ya kufungulia boneti tu. Anayejaribu kuwashia injini hapo atayeyusha nyaya.

Kuwasha gari kwa betri ya gari jingine kuna utaratibu wake, na hapa uzembe hugharimu macho ya mtu. Betri ya risasi hutoa gesi ya haidrojeni, na cheche moja yatosha kuilipua na kumwaga asidi usoni. Waya mwekundu huanza kwenye chanya ya betri iliyokufa, kisha chanya ya betri nzima. Waya mweusi huanza kwenye hasi ya betri nzima, na ncha yake ya mwisho hushikizwa kwenye chuma cha injini au cha bodi mbali na betri, ili cheche ya mwisho isitokee penye gesi. Kuziondoa ni kinyume chake. Anayepachika nyaya kinyume, chanya kwa hasi, atachoma vifaa ambavyo bei yake inaweza kuzidi ya gari dogo.

Injini ikiwaka, hapo kazi ndiyo kwanza imeanza. Betri itolewe na kuchajiwa taratibu usiku mzima kwa chaja, ipumzike, kisha ipimwe. Baada ya hapo unyonyaji utafutwe. Fundi huondoa waya hasi wa betri na kuweka kipimo cha umeme katikati ya waya na betri, kikiwa kwenye alama ya ampia 10. Kisha gari hufungwa kama kawaida na kuachwa kwa muda wa nusu saa hadi saa nzima. Muda huu ndio mafundi wengi wenye haraka huuruka. Kompyuta za gari hazilali papo hapo; anayesoma kipimo baada ya dakika mbili ataona ampia kadhaa na kutangaza maafa yasiyokuwapo. Mkondo ukitulia juu ya miliampia 50 au 60, fyuzi huchomolewa moja moja hadi namba ishuke ghafla. Fyuzi hiyo ndiyo yenye mhalifu. Wakati huo wote asiwepo mtu wa kujaribu kuwasha injini, kwa kuwa kipimo kitaungua.

Vifaa vilivyofungwa nje ya kiwanda mara nyingi haviko kwenye fyuzi yoyote. Vimeunganishwa moja kwa moja na betri, au na waya wa kwanza fundi aliyeufikia. Kwa hiyo macho na tochi vitangulie kipimo. Ukiona waya wa rangi isiyofanana na mwenzake, umefungwa kwa utepe unaoachia gundi, anza hapo.

Kwa gari lisilo na hitilafu ila linalokaa tu, suluhisho la uhakika ni chaja ya kudumisha, ile inayopima betri yenyewe na kuishikilia kwenye volti 13 na ushei bila kuichemsha. Si chaja kubwa ya gereji. Hiyo ikiachwa mwezi mzima itakausha maji ya betri. Umeme ukipotea usiku, chaja nzuri huendelea na kazi unaporudi, lakini zipo za bei rahisi zinazosubiri kubonyezwa upya, na jambo hilo liulizwe dukani kabla ya kulipa. Asiye na soketi karibu na maegesho anaweza kutumia kibamba kidogo cha umeme wa jua, mradi gari lisiwe ndani ya banda au chini ya turubai.

Njia nyingine ni kuondoa waya hasi kabisa. Ni rahisi na haigharimu kitu, ila ina masharti. King'ora chenye betri yake kitalia usipoondoa waya kwa utaratibu uliomo katika kijitabu cha gari, ambao kwa kawaida huanza kwa kufungua swichi ya ufunguo kwanza. Redio nyingi za zama hizo zitadai nambari ya siri umeme ukirudi, na aliyelinunua gari mkono wa tatu huenda hana nambari hiyo. Zaidi ya yote, gari lisilo na umeme halina alamu wala kifaa cha kulifuatilia kwa muda mrefu. Anayelazimishwa na mkataba wake wa bima kuwa na vifaa hivyo vikiwa hai ausome mkataba kwanza, kwa sababu gari likiibwa vikiwa vimezimwa, mabishano na kampuni yatakuwa marefu.

Kukata nyaya za king'ora, ambako ndiko majirani hukushinikiza baada ya usiku wa tatu, kunaleta hali hiyo hiyo. Lakini kuliacha gari likilia ovyo nako si ulinzi. Mtaa uliozoea king'ora cha uongo hautatoka nje siku mwizi atakapokuja kweli.

Ikiwa betri imekufa kabisa, isitupwe jaani wala kumwagwa asidi yake mtaroni. Ndani yake mna kilo kadhaa za risasi, na nchi hii inajua gharama yake. Katika kijiji cha Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha risasi ya betri kuukuu kiliwaachia wakazi sumu mwilini, watoto wakiwemo. Mwanaharakati Phyllis Omido, aliyepata Tuzo ya Goldman mwaka wa 2015, aliongoza vita vya kisheria vilivyozaa fidia ya Sh1.3 bilioni katika Mahakama ya Mazingira mnamo 2020, na Mahakama ya Juu ikairejesha fidia hiyo Desemba 2024 baada ya Mahakama ya Rufaa kuitengua. Wauzaji wengi wa betri huichukua ile kuukuu na kupunguza kitu kwenye bei ya mpya. Ibebwe ikiwa wima, ndani ya beseni la plastiki, na muuzaji aulizwe inakopelekwa.